Moyo Ukienda Mbio, Shika Daftari

(Mazungumzo ya Ofisi ya Elimu ya Watu Wazima na akina mama wa vikundi vya kisomo)



 Leo hatukuja kufundisha kusoma. Kusoma mnajua. Tumekuja kuzungumza jinsi kalamu na daftari vinavyoweza kumsaidia mtu ambaye moyo wake unapiga vibaya.

Katika madarasa yetu tumeona jambo moja. Kipindi kikiisha, wengine wakishaondoka, mama mmoja hubaki nyuma. Ana miaka arobaini na kitu, au hamsini. Anasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, moyo wangu unaruka." Mwingine anasema unapapatika kama kuku aliyeshikwa. Mwingine anasema unasimama kidogo, halafu unapiga kishindo kimoja kikubwa. Kwa mmoja hutokea usiku, kwa mwingine hutokea akishakula.

Sasa huyu mama ameambiwa nini huko nyumbani? Mmoja ameambiwa ana majini. Mwingine ameambiwa amerogwa na mke mwenzake. Wa tatu ameambiwa anajidekeza, hataki kwenda shamba. Wapo waliokwisha kuuza mbuzi na kumaliza akiba, na moyo bado unaruka.

Kwa umri sisi ni kama watoto wenu. Mtuwie radhi, maana leo tutataja hedhi mbele ya watu. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Basi tuseme wazi.

MOYO UNAFANYAJE KAZI?

Moyo ni msuli. Ukubwa wake unakaribia ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini, usiku na mchana. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme moyo unapiga mara 70 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 60, unapata mapigo 4,200 kwa saa moja. Zidisha kwa saa 24, unapata mapigo 100,800 kwa siku moja. Katika kazi kubwa namna hiyo, si ajabu pigo moja moja likakosea.

Linakoseaje? Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa umeme kidogo sana. Umeme huo ndio unaouamuru moyo upige. Ni kama mpiga ngoma anayewaongoza watu wanaolima kwa pamoja: ngoma ikilia, majembe yote yanashuka. Lakini mara nyingine mtu mmoja katika mstari anashusha jembe kabla ya ngoma. Ndivyo moyo nao unavyofanya. Sehemu nyingine ya moyo inatoa amri mapema, pigo linakuja kabla ya wakati wake. Baada ya hapo moyo unapumzika kidogo zaidi ya kawaida, unajaa damu nyingi, na pigo linalofuata linakuwa la kishindo.

Kwa hiyo ukihisi moyo "umesimama", haukusimama. Umengoja kidogo tu. Mapigo ya namna hii huwapata watu wengi, hata wenye moyo mzima kabisa. Yakija moja moja na kuondoka, kwa kawaida hayana madhara.

Lakini si kila moyo unaokwenda mbio ni wa kuachwa hivi hivi. Ndiyo maana lazima tujue sababu.

SABABU YA KWANZA: MAWAZO

Mtu akiogopa au akiwa na mawazo, mwili hutoa homoni inayoitwa adrenalini. Kazi yake ni kuutayarisha mwili kukimbia au kupigana. Ukikutana na chui, adrenalini inakusaidia: moyo unakwenda mbio, damu inafika miguuni, unakimbia.

Sasa je, adui akiwa ni deni la kikundi cha kukopeshana? Akiwa ni kijana aliyekwenda machimboni na simu yake haipatikani? Deni halikimbiwi kwa miguu. Wewe umelala kitandani, lakini moyo unakimbia peke yake.

Tena kuna jambo la pili. Moyo ukiruka, unaogopa kwamba unakufa. Ile hofu inaleta adrenalini nyingine, na moyo unazidi kuruka. Hofu inazaa mapigo, mapigo yanazaa hofu.

Hapo fanya hivi. Kaa chini. Vuta pumzi polepole kwa pua, hesabu mpaka nne. Itoe polepole kwa mdomo, hesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika tano. Kutoa pumzi polepole kunausaidia moyo kutulia. Hii haimalizi deni, lakini inavunja ule mzunguko wa hofu.

SABABU YA PILI: TUMBO

Wengine hushangaa: tumbo na moyo wapi na wapi? Ni majirani. Kati yao kuna ukuta mwembamba wa msuli tu. Tumbo likijaa chakula au gesi, linausukuma ukuta huo juu. Tena kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita kwenye moyo na kushuka hadi tumboni. Tumbo likisumbuka, moyo unaweza kupata habari.

Mtu aliyeshinda njaa shambani, jioni akala ugali mwingi na maharage, kisha akaenda kulala moja kwa moja, anaweza kupata kiungulia na moyo kuruka pamoja. Dawa yake ni hii: kula kidogo kidogo, usiku usile mpaka ukashindwa kuinuka, na kaa saa mbili au tatu baada ya kula kabla ya kulala. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, ndipo uyapike kwa maji mapya. Gesi itapungua.

Na vinywaji je? Kahawa, chai kali na vile vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu vinaweza kuusukuma moyo. Pombe pia, sigara pia, na ugoro pia. Maji ya kunywa yakiwa haba mwilini, hasa wakati wa jua kali au wa kuhara, moyo hulazimika kwenda mbio zaidi.

SABABU YA TATU: UMRI WA KUELEKEA KUKOMA HEDHI

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Lakini hedhi haikomi siku moja kama mtu anavyozima taa. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo homoni za kike hupanda na kushuka bila mpango. Mwezi huu hedhi inakuja, mwezi ujao inaruka, mwezi wa tatu inakuja kwa wingi. Katika kipindi hicho mama anaweza kupata joto la ghafla usoni na kifuani, jasho usiku, kukosa usingizi, hasira za haraka, na moyo kwenda mbio. Mara nyingi joto na mapigo huja pamoja.

Hili si jini wala si kujidekeza. Ni mwili unaobadilika, kama vile ulivyobadilika ulipovunja ungo. Tunasema hedhi imekoma baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia, na mimba nayo huongeza mwendo wa moyo. Kwa hiyo hedhi ikiruka, usiseme tu "ni umri". Pima mimba. Na damu ikitoka tena baada ya kukoma kwa miezi 12, hata tone, nenda hospitali bila kuchelewa, maana inaweza kuwa dalili ya saratani.

USISEME "NI UMRI TU"

Ndugu wanakisomo, hapa ndipo tulipotaka kufika. Mawazo, tumbo na umri ni sababu za kweli. Lakini sababu hizi tatu zinaweza pia kuficha ugonjwa mwingine nyuma yake.

Mkubwa katika hayo ni upungufu wa damu. Mama anayepata hedhi nyingi miezi mfululizo hupoteza madini ya chuma, na damu yake inapungua nguvu. Moyo unalazimika kukimbia ili damu ile kidogo ifike kila mahali. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu. Malaria nayo huiharibu. Wengine wana ugonjwa wa tezi ya shingo: tezi inafanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, mtu anakonda na mikono inatetemeka. Baadhi ya dawa za pumu na za mafua nazo huongeza mapigo. Na wapo ambao moyo wenyewe ndio unaumwa.

Sasa tatizo liko hapa. Moyo unaruka saa nane za usiku. Asubuhi unatembea saa mbili kwenda zahanati. Unafika, unakaa kwenye benchi, unatulia. Muuguzi anakupima na kukuta moyo unapiga vizuri. Unaambiwa ni mawazo, unapewa panado, unarudi nyumbani. Hakuna aliyesema uongo. Moyo ulipokosea, hapakuwa na shahidi.

Shahidi tunaye. Ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunasema na afya pia.

JINSI YA KUHESABU NA KUANDIKA

Kaa kitako, tulia dakika tano. Geuza mkono mmoja, kiganja kitazame juu. Weka vidole viwili vya mkono wa pili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwa sababu nacho kina pigo lake, utachanganya. Ukishalipata pigo, tazama saa au simu, uhesabu kwa dakika moja nzima.

Andika mambo haya:

1. Tarehe na saa.
2. Mapigo mangapi kwa dakika.
3. Yalikuwaje: ya sawa, yenye kuruka moja moja, au ya hovyo kabisa yasiyo na mpango.
4. Yalidumu muda gani.
5. Ulikuwa ukifanya nini, ulikula au kunywa nini, ulikuwa na mawazo gani.
6. Kama uko kwenye hedhi, siku ya ngapi, na unabadilisha vitambaa au pedi mara ngapi.

Hesabu asubuhi kila siku kabla ya kazi, na kila moyo unaporuka. Usihesabu kila saa, maana utaongeza hofu bure.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 47. Kila mtu amemwambia ni mawazo, kwa sababu mumewe anaumwa na mawazo anayo kweli. Anaandika kwa wiki sita. Daftari lake linasomeka hivi:

"Tarehe 3, asubuhi: 84, sawa. Tarehe 9, usiku, nilikula sana: 90, yanaruka, nusu saa. Tarehe 14, hedhi siku ya tatu, vitambaa kila saa: 108. Tarehe 17, nimetoka kisimani, nimepumzika: 112, kichwa chepesi, nahema."

Mwezi wa pili mambo ni yale yale: kila baada ya hedhi nyingi, mapigo yanapanda na yanabaki juu. Mama mwenyewe akisoma anaona. Muuguzi akisoma anaona. Hatasema ni mawazo tu. Atamchoma kidole kupima damu. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na wingi wa damu 12 au zaidi. Huyu anakutwa na 7. Anapewa vidonge vya madini ya chuma na anapelekwa hospitali ya wilaya, ambako anakutwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, nao unatibiwa. Damu hairudi kwa siku mbili, huchukua wiki nyingi. Lakini inarudi, na moyo unatulia.

Angalieni vizuri: yale mapigo ya tarehe 9 yalikuwa ya tumbo. Ya tarehe 14 na 17 yalikuwa ya damu. Mtu mmoja, moyo mmoja, sababu mbili. Bila kuandika usingezitenganisha.

Chakula nacho kinasaidia damu: maini, nyama, dagaa, maharage, mchicha, matembele, kisamvu. Kula pamoja na embe, chungwa au limau ili mwili uyachukue yale madini vizuri zaidi. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu inayazuia. Ingoje kama saa moja hivi.

SIKU YA KUTOANDIKA

Ziko dalili ambazo ukiziona, weka daftari chini, utafute usafiri. Dalili hizo ni hizi:

- Kuzimia au kukaribia kuzimia moyo unaporuka.
- Maumivu mazito ya kifua, hasa yakienda kwenye mkono, shingo au taya.
- Kuhema kwa shida ukiwa umekaa.
- Mapigo ya mbio sana, zaidi ya 120 ukiwa umetulia, yasiyopungua.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, au maneno kukataa kutoka. Hicho ni kiharusi.

Na wale wafuatao waende kituo cha afya mapema bila kungoja wiki sita: mwenye miguu iliyovimba, mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu au kisukari, mwenye kuloanisha kitambaa kila saa, mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na mwenye mapigo ya hovyo kabisa. Mapigo ya hovyo yanayoendelea yanaweza kuifanya damu igande ndani ya moyo, kisha donge hilo likaenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Daktari akiyajua mapema, ana dawa za kuzuia.

Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi. Unalala, unabandikwa vibandiko kifuani, mashine inachora mapigo kwenye karatasi. Mwaka 1924 daktari wa Uholanzi, Willem Einthoven, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kipimo hicho. Kama zahanati haina, omba barua ya rufaa. Huku Kanda ya Ziwa tunayo Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015.

Jambo moja zaidi: usimeze vidonge vya moyo au vya presha vya jirani. Dawa inayomtuliza yeye inaweza kukuangusha wewe.

NENO KWA AKINA BABA

Baba zetu, mmesikia. Mkeo akiamka usiku ameshika kifua, usimwambie alale. Washa taa, shika saa, mhesabie mapigo, uandike. Kama yeye bado hajawa hodari wa kuandika, mwandikie. Ndoo ya maji mpunguzie siku za hedhi nyingi. Na fedha ya nauli ya kwenda hospitali itengwe mapema, isingoje siku ya hatari. Mbuzi mmoja aliyeuzwa kwa ajili ya kipimo cha damu amefanya kazi kubwa kuliko watatu waliouzwa kwa kutafuta mchawi.

Wazazi wenu waliwasimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakazungumza, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Hawakungoja daktari aje awachimbie. Choo kilionekana, kila mtu alijua nani amechimba na nani hajachimba. Moyo hauonekani. Kwa hiyo kila mmoja ajichunguze na kuandika mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kijijini, mama ambaye moyo wake unaruka huambiwa nini? Maneno hayo yanamsaidia au yanamchelewesha?
2. Kwa nini muuguzi anaweza kukuta moyo uko sawa wakati mgonjwa ameteseka usiku kucha?
3. Taja dalili tatu ambazo hazingoji daftari.
4. Kutoka hapa mpaka kituo cha afya, usafiri wa usiku unapatikana kwa nani? Andikeni namba yake ya simu katika daftari la kikundi leo hii.

ZOEZI: Kaeni wawili wawili. Kila mmoja amhesabie mwenzake mapigo kwa dakika moja nzima. Andika tarehe, saa na namba. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza.